Nyumba Tunazowajengea Wenzetu

(Hotuba iliyosomwa Mugumu, wilaya ya Serengeti, mbele ya wazee, mafundi na wajumbe wa kamati za ujenzi wa nyumba za wajane na wazee kutoka vijiji vya Tarime na Serengeti.)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo kwa sura ya nje laonekana dogo: ni kitu gani humfanya mtu aliyejengewa nyumba kwa msaada, au aliyepangishwa kwa bei nafuu, airidhie nyumba hiyo, na ni kitu gani humfanya aikatae moyoni hata kama ulimi wake unashukuru. Mwenyekiti aliponipa kazi hii alidhani nitazungumza kama fundi. Nitazungumza kama fundi, lakini pia nitazungumza kama mkosaji, kwa maana nyumba ya kwanza ya kamati yetu ni mimi niliyeichora ramani yake.

Wengi wenu mwaijua. Ilijengwa katika kijiji kimoja cha Tarime kwa ajili ya mama mmoja mjane, mtu mzima wa miaka sabini au zaidi. Vyumba viwili vya kulala, sebule, matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, bati geji ishirini na nane, madirisha ya nondo. Siku ya kukabidhi tulipiga picha. Mama alipokea ufunguo akalia, nasi tukadhani kilio kile ni furaha tupu. Baada ya miezi minne nilipita njia ile kwa shughuli nyingine, nikasema niingie nimsalimu. Sebule nikaikuta imejaa magunia ya mahindi. Chumba kimoja kina kuku, na cha pili kimefungwa kwa kufuli lile lile tulilompa. Mama mwenyewe analala katika nyumba yake ya zamani ya miti na udongo, ile tuliyomwambia aibomoe.

Niliudhika, sitaficha. Nilisema moyoni mwangu kwamba watu hawana shukrani. Lakini alinipa kigoda, akaniletea uji, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka nilikaa. Nilipomwuliza kwa nini hakai katika nyumba aliyojengewa, alinitazama kama mtu anayechagua maneno yasiumize, kisha akasema: “Mwanangu, nyumba ni nzuri. Kwa mahindi ni nzuri sana.”

Tulizungumza hadi jua likapinduka. Kila alilolisema nilikwenda kulitazama kwa macho yangu, na kila moja lilikuwa kweli. Mlango wa mbele nimeuelekeza kwenye njia ya magari, ili nyumba ionekane. Basi apitaye njiani humwona ameketi sebuleni. Zizi la ng'ombe wake watatu liko nyuma, na upande wa nyuma sikuweka dirisha hata moja kwa kubana gharama. Kwa nchi yetu hii, ambako wizi wa mifugo haujawa hadithi ya kale, mtu asiyesikia ng'ombe wake akikohoa usiku halali. Jiko sikulichora kabisa, nikidhani atapika nje kama wengine. Lakini usiku wa Tarime kuna baridi, na mafiga ndiyo yanayompasha joto mzee. Chini ya bati, kwenye sakafu ya saruji, bila moto, alitetemeka usiku kucha.

Halafu liko la nne, ambalo alilisema kwa kuzunguka. Mwanawe wa kiume ameoa, na tulipanga kwamba mwana na mkewe watalala chumba cha pili wamwangalie mama. Vyumba hivyo viwili vinatumia ukuta mmoja na korido moja. Wazee mliopo hapa mnacheka kwa sababu mnajua. Katika desturi ya Wakurya, kama ilivyo kwa jirani zetu wengi, mzazi na mwana aliyeoa hawalali chini ya paa moja, na baina ya wakwe kuna mipaka ya heshima ambayo haivukwi. Mimi nimechora korido yenye upana wa mita moja, nikataka watu wakutane humo usiku wakienda msalani.

La tano ndilo lililoninyamazisha. Aliniuliza: “Karatasi ya nyumba iko kwa nani?” Nikasema iko kwa kamati. Akasema shemeji zake wanasema kiwanja ni cha ukoo, na nyumba iliyojengwa juu ya ardhi ya ukoo ni ya ukoo. Na kamati nayo inasema nyumba ni ya kamati mpaka atakapofariki. “Sasa nikiivunja ile ya zamani, nanyi siku moja mkaja kuichukua hii, nitakwenda wapi?”

Ndugu zangu, tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza juu ya habari hii, na nimeona kwamba kosa langu si geni. Mataifa makubwa yamelifanya kwa fedha nyingi kuliko sisi.

Mjini St. Louis, Marekani, katikati ya miaka ya 1950 serikali ilijenga majengo thelathini na matatu ya ghorofa kumi na moja kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, yakaitwa Pruitt-Igoe. Yalisifiwa. Lakini fedha za matengenezo zilitegemea kodi ya wapangaji, na wapangaji walizidi kuwa maskini. Lifti zikaharibika zikaachwa, vioo vikavunjika visirudishwe, na ngazi zikawa mahali pa hofu. Kuanzia mwaka 1972 yalibomolewa kwa baruti, hayajatimiza hata miaka ishirini. Baada ya hapo wataalamu wa huko walikwenda kuwauliza wakazi wa nyumba za ruzuku katika miji mbalimbali wanaridhika na nini. Ukubwa wa chumba na ubora wa ukuta vilikuwa na uzito wake, lakini mambo mengine yalishindana navyo na mara nyingi kuvipita: majirani ni watu gani, wasimamizi wa nyumba wanamchukuliaje mpangaji anapoleta shida, sura ya nje inamtukuza au inamtangaza kuwa ni mtu wa kusaidiwa. Na walieleza kwamba kuridhika ni umbali ulioko baina ya kile mtu alichonacho na kile anachokipimia. Wawili wanaweza kuishi katika nyumba zilizofanana kama mapacha, mmoja akaridhika na mwenzake akasononeka, kwa sababu hawakutoka mahali pamoja wala hawakuahidiwa neno moja.

Mfano wa Misri unanigusa zaidi, kwa sababu mjenzi wake hakuwa mtu wa dharau. Hassan Fathy, msanifu mashuhuri, alipewa kazi mwaka 1945 na idara ya mambo ya kale ya kujenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor, ili watu waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale wahamie huko. Alitumia udongo wa mahali pale, akafufua ufundi wa kuezeka kwa kuba bila mbao, akaweka msikiti, soko na nyua za ndani. Wenyeji wengi walikataa kuhama. Riziki yao ilikuwa kule makaburini, baina ya watalii na vitu vya kale. Na tena kuba zile nzuri kwa macho yao zilifanana na makaburi ya mawalii. Fathy aliwapenda watu wale, akajenga kwa vitu vyao wenyewe, na bado hakupata ridhaa yao. Kazi ilisimama mwaka 1948 kijiji hakijakamilika.

Lakini kwa nini tusafiri mbali? Wazee mliovuka miaka sitini mnakumbuka mwaka 1974. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mwalimu, ambaye Butiama kwake si mbali na hapa, alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Mara. Watu waliokuwa wametawanyika katika maboma yao walitakiwa wasogee kando ya barabara na kujenga kwa mistari. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, maji ya bomba, huduma ziwafikie watu mahali pamoja. Na ni kweli kwamba shule nyingi tunazojivunia leo zilitokana na kipindi hicho. Lakini boma la Mkurya lilikuwa na maana yake. Zizi lipo katikati, nyumba zimelizunguka. Kila mke ana nyumba yake, na nyumba hiyo ina ng'ombe wake, shamba lake na urithi wa watoto wake. Neno lenyewe nyumba kwetu halikuwa jina la kuta. Hata desturi ile ya nyumba ntobhu, ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike, chimbuko lake ni wazo hilo kwamba nyumba ni ukoo, ni jina, ni mlango wa vizazi. Siizungumzii hapa kwa kuihukumu. Naitaja ili mafundi mjue kwamba mnapochora vyumba viwili na sebule, mnagusa kitu kikubwa kuliko mnavyofikiri.

Sasa mtu wa namna hiyo aliambiwa ajenge kibanda katika mstari, hatua chache kutoka kwa jirani wa ukoo mwingine, ng'ombe walale kusikojulikana, na shamba liwe mwendo wa saa moja au mbili. Wengi walikaa kwa sababu ya amri. Mkono wa dola ulipolegea, katika miaka ya themanini, watu wengi walirudi polepole kwenye mashamba yao ya kale. Hawakurudi wote, wala hawakukataa kila kitu. Waliichukua shule, wakaichukua zahanati, wakaiacha nyumba. Naona yapasa tuyatazame mambo haya mawili kwa pamoja, kwa sababu mtu anaweza kuitaka huduma kwa moyo wake wote, na wakati huo huo asiitake nyumba inayofuatana nayo.

Niwatajieni kwa ufupi na kwingine. Kule Unguja, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya sabini, Serikali ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki ilijenga maghorofa marefu ya Michenzani katikati ya Ng'ambo, mahali palipokuwa na nyumba za udongo. Waliopewa walipata heshima ya kuishi katika jumba la saruji, na wapo wanaojivunia hadi leo. Lakini maji yalishindwa kupanda juu, na mama aliyezoea ua wa nyuma, wenye mbuzi, kinu na kijiko cha mkaa, alijikuta akiubeba ua wake kwenye ngazi za ghorofa. Katika Nairobi, wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walipohamishiwa Lang'ata mwaka 2009 wakisubiri nyumba mpya, familia tofauti ziligawana nyumba moja, kila moja chumba chake, wakitumia jiko na msala kwa pamoja. Na wako waliopangisha vyumba vile kwa wenye kipato kizuri zaidi, wakarudi Kibera wenyewe. Tusiwaite wajanja. Mtu ambaye riziki yake iko Kibera na kodi ya chumba cha Lang'ata inamlisha watoto, amefanya hesabu ambayo aliyemjengea hakuifanya.

Na jirani zetu wa mashariki, kutoka Ngorongoro, tangu mwaka 2022 wako waliohamia Msomera, wilaya ya Handeni, katika nyumba za vyumba vitatu zilizojengwa na Serikali, pamoja na kiwanja cha ekari mbili na nusu na shamba la ekari tano. Sitaki kuingia katika mzozo wa uhamisho wenyewe, ambao una wasemaji wake wengi. Nachukua jambo moja tu, linalotuhusu sisi wa huku: moja ya malalamiko yaliyosikika ni kwamba nyumba ni ya namna moja kwa kila mtu, awe na mke mmoja au wanne. Katika vijiji vyetu vya Tarime na Serengeti wenye wake zaidi ya mmoja ni wengi. Mkimpa mtu wa namna hiyo nyumba moja, mmewapa wake zake mashindano.

Nakuja kwenye lililo chungu. Wenzetu wa Nyamongo mnalifahamu kuliko mimi. Tangu mgodi wa North Mara ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, kila upanuzi wa mashimo au wa marundo ya mawe ulileta uthamini na fidia kwa waliokuwa ndani ya eneo. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999, na kanuni zake za mwaka 2001, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya mapema: thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, na posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi thelathini na sita. Lakini uthamini hufanyika leo na malipo huweza kuja baada ya miaka. Katika kungoja huko likazaliwa jambo ambalo lugha ya huko imelipa jina, tegesha. Watu waliinua mabanda na vijumba kwa haraka, kuta nyembamba, bati la kukodi, milango isiyofunguka, ili mthamini akija avihesabu. Serikali ikakasirika, mgodi ukakataa kulipia, na wakweli wakachanganywa na waongo. Mwaka 2020 malipo yaliyokuwa yamesubiriwa muda mrefu yalitolewa kwa wengi, lakini majeraha ya kungoja hayakwisha yote.

Wengi huitaja tegesha kama mfano wa tamaa, na tamaa imo, sikatai. Ila naomba tutazame tegesha ni nyumba ya namna gani. Ni nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jicho la mtu anayepita na kalamu. Hakuna anayekusudia kulala humo. Haina mafiga, haina upande wa zizi, haina mahali pa mkwe. Kazi yake ni kuonekana na kuhesabiwa. Niliposimama katika sebule ya mama yule wa Tarime, baina ya magunia ya mahindi, mlango umeelekea barabarani ili wafadhili waione, nilijiuliza kwa aibu: hii niliyoijenga mimi ina tofauti gani? Bati letu halikuwa la kukodi, hilo ni kweli. Lakini sisi nasi tulijenga ili tupigwe picha.

Wapo watakaosema kwamba maskini hana haki ya kuchagua, na kwamba mwenye kupewa akubali alichopewa. Nimelisikia neno hili hata katika kamati zetu. Tuliweke pembeni jambo la adabu ya kutoa, ingawa ni kubwa. Tulitazame kama wahasibu tu. Nyumba ile ilitugharimu fedha ya kutosha kujenga vyumba viwili vya darasa visivyokamilika, na inahifadhi magunia kumi na mbili. Ghala la udongo lingefanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo sana ya gharama hizo. Kutokuwauliza wenye kuishi hakupunguzi gharama.

Kuhusu bei sitasema mengi. Shirika letu la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuondoa mabanda ya Dar es Salaam na kuweka nyumba bora mahali pake. Miaka ya karibuni limejenga nyumba liziitazo za gharama nafuu mikoani, na malalamiko makubwa yamekuwa kwamba nafuu hiyo haimfiki mkulima wala mlinzi. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia kumi na nane peke yake iliwatoa wengi nje ya foleni. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1973 ili hata mkulima akope ajenge, ilifungwa mwaka 1995 na pengo lake halijazibwa sawasawa vijijini. Haya yanajulikana.

Magomeni Kota, hata hivyo, nitaikalia kidogo, kwa sababu inaonyesha upande wa pili. Kaya mia sita na arobaini na nne zilivunjiwa nyumba zao za zamani, zikangoja miaka mingi zikiwa zimetawanyika mji mzima kwenye nyumba za kupanga. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwatembelea, akaagiza wajengewe pale pale na wakae miaka mitano bila kodi. Maghorofa yalizinduliwa na Rais Samia mwezi Machi 2022. Zamani waliishi chini, kwenye nyumba zenye uwanja. Leo wako juu hewani. Kwa hesabu ya vyumba tungeweza kudhani wangelalamika kama wa Michenzani. Lakini tazameni walichopewa pamoja na vyumba: walirudi mahali pao, majina yao yalikuwa kwenye orodha inayojulikana, waliahidiwa muda unaohesabika, na mlango wa kununua ulifunguliwa kwa njia ya mpangaji mnunuzi. Watu waliokaa pamoja miaka mingi walirudi pamoja. Shida hazikosekani katika jengo la ghorofa, na lifti ni lifti. Ila mtu anayejua kwamba hataamka akafukuzwa huvumilia mengi.

Hapo ndipo ninapoirudia karatasi ya mama. Mimi nilipokuwa kijana nilifundishwa kwamba nyumba huanza na msingi. Leo nasema kwa mjane huanza na hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu halmashauri ya kijiji itoe hati ya hakimiliki ya kimila, na inaruhusu jina la mwanamke liandikwe humo kama lile la mwanamume. Sisi tulijenga kwanza, tukaahirisha maneno ya ukoo, tukidhani tofali likishainuliwa maneno yatanyamaza. Badala yake tofali ndilo lililoyaamsha, kwa sababu kiwanja kilichokuwa na kibanda hakikuwa na mwenye kukitamani, na kiwanja chenye nyumba ya bati kina wengi.

Sasa niseme juu ya namna ya kuuliza, maana hapa pia tumekosea. Baada ya kukabidhi tulituma vijana wenye daftari wakaulize: “Umeridhika na nyumba?” Wote walijibu ndiyo, nashukuru, Mungu awabariki. Ni nani kati yenu angejibu vinginevyo mbele ya mgeni aliyetumwa na aliyemjengea? Katika mila zetu kulalamikia zawadi ni kumtukana mtoaji. Swali lile haliwezi kupata jibu. Tazameni mambo mengine. Moshi unatokea wapi jioni? Kitanda kiko chumba gani? Ameongeza nini kwa fedha yake mwenyewe: kibaraza, ua wa mabua, mti wa kivuli? Mtu huongeza katika kile anachokihesabu kuwa ni chake. Amepanda nini karibu na ukuta? Mgeni akija analazwa wapi? Katika nyumba ya mama yule hapakuwa na hata mche mmoja wa mgomba karibu na kuta zetu, ilhali kibanda chake cha udongo kimezungukwa na migomba pande tatu. Daftari letu lilisema ameridhika.

Mwenyekiti, mezani kwako kuna fedha ya nyumba sita, tatu za Tarime na tatu za Serengeti, na kuna ramani. Ramani hiyo ni ile ile ya kwangu, na kwa muhuri wake naomba mbele ya mkutano huu irudishwe kwangu. Najua wafadhili wanataka nyumba zifanane, na najua fundi mkuu ameshaagiza mbao za kenchi kwa vipimo vile. Mbao hukatwa upya. Wanawake watatu wa Serengeti waliochaguliwa hawafanani hata wao kwa wao: mmoja ni Mwikoma anayelima karibu na mpaka wa pori na shida yake ya kwanza ni tembo kuvunja ghala, wa pili anaishi na wajukuu wanne na hana ng'ombe, wa tatu yuko hapa hapa mjini Mugumu katika chumba cha kupanga, na sidhani anataka nyumba kijijini hata kidogo. Huyu wa tatu huenda kodi ya miaka mitano na cherehani vingemfaa kuliko tofali zetu. Hatujamwuliza.

Ninayoyapendekeza ni machache. Hati iandikwe na ukoo ukae kikao mbele ya serikali ya kijiji kabla ya kuchimba msingi, na ukoo ukikataa tusijenge pale. Nyumba ya zamani isivunjwe. Mwenyewe ataivunja siku atakapotaka, na siku hiyo ndiyo tutakayojua kwamba tumefaulu. Tujenge chumba kimoja imara na jiko lenye bomba la moshi, dirisha lielekee zizi, na fedha itakayobaki iwekwe kwa jina lake ili aongeze mwenyewe kwa fundi amtakaye, hata kama fundi huyo ni mpwa wake na hajui kusimamisha timazi. Na mwana aliyeoa ajengewe chake kando, cha udongo ikibidi.

Mjumbe mmoja ameniuliza pale nje kabla sijaingia: na nyumba ile ya kwanza tufanye nini? Juma lililopita nilikwenda tena. Nimetoboa dirisha upande wa zizi kwa gharama yangu, na mlango wa mbele nimeujengea ukuta mfupi wa kukinga macho. Kikao cha ukoo kimepangwa mwezi ujao, na shemeji mkubwa bado hajasema atahudhuria. Mama aliponiona na nyundo alikuja akasimama kando, akatazama zizi kupitia lile tundu jipya, akauliza kama dirisha hilo litakuwa na ubao wa kufunga kwa ndani. Nikamwambia litakuwa nao. Akasema basi mahindi atayahamisha baada ya mavuno, tukishapata karatasi.